Mtihani wa pikipiki Uingereza: tathmini kwa mwanamke anayetaka leseni kamili

Leseni ya pikipiki ya Tanzania au Kenya humruhusu aliyehamia Uingereza kuendesha kwa miezi 12 tangu alipoanza kuhesabiwa mkazi. Ikishapita hiyo, haimsaidii tena barabarani. Nchi hizo mbili hazimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo dada aliyekuwa akiendesha bodaboda Arusha hupanga foleni moja na msichana wa Leicester ambaye hajawahi kushika klachi. Tunachokipima hapa ni huduma hiyo wanayoikuta wote wawili: mafunzo ya lazima, mtihani wa nadharia, na mtihani wa vitendo wenye sehemu mbili, unaosimamiwa na mamlaka ya DVSA katika Uingereza yenyewe, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Hukumu tuitoe mapema. Mtihani wenyewe ni mzuri na ni wa haki: karibu kila zoezi linapima mbinu, na mbinu haiangalii jinsia wala kimo. Kinachombana mwanamke mfupi au mwenye mwili mwepesi ni pikipiki anayolazimika kuifanyia mtihani, pamoja na shule zinazompa hiyo hiyo moja wanayompa kila mtu. Nusu ya kazi ya kufaulu hufanyika kwenye simu, kabla hajalipa.

Hadi Aprili 2009 mtihani wa vitendo ulikuwa mmoja. Tarehe 27 ya mwezi huo ukagawanywa ili kutimiza agizo la pili la Umoja wa Ulaya kuhusu leseni: Moduli ya 1 ikawa ndani ya uwanja uliofungwa, Moduli ya 2 ikabaki barabarani. Uwanja ulihitajika kwa sababu ya hesabu ndogo. Agizo lilitaka mtahiniwa apige breki za dharura na akwepe kizuizi akiwa katika mwendo usiopungua kilomita 50 kwa saa. Kilomita 50 ni maili 31 na kidogo, na mitaa mingi ya Uingereza ilikuwa na kikomo cha maili 30. Zoezi lisingefanyika mtaani bila kuvunja sheria, ndipo vikajengwa viwanja vya lami pana. Vilikuwa vichache kuliko vituo vya zamani, na mwanafunzi haruhusiwi kupita motorway, yaani barabara kuu za kasi, kwa hiyo wengine walijikuta wanasafiri mbali kwa njia za kuzunguka ili tu wafike kwenye mtihani. Machi 2010 Kamati ya Usafiri ya Bunge ilitoa ripoti iliyokosoa namna mpango huo ulivyotekelezwa, ikigusa umbali wa vituo na huo mwendo wa kilomita 50. Mgawanyo wenyewe umebaki mpaka leo.

Badiliko la pili lilikuja tarehe 19 Januari 2013 na agizo la tatu, ambalo lilipanga leseni kwa ngazi. AM ni ya mopedi, kuanzia miaka 16. A1, kuanzia miaka 17, ni ya pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11. A2, kuanzia miaka 19, inaishia kilowati 35. A haina kikomo, na mtu huipata akiwa na miaka 24, au akiwa na 21 ikiwa ameshika A2 kwa miaka miwili. Zamani mtu wa miaka 21 aliweza kwenda moja kwa moja kwenye pikipiki kubwa. Sasa anayeanza kati ya 19 na 23 hupitia A2, kisha akitaka A anarudia moduli zote mbili. Hiyo ni gharama, lakini kwa mwanamke mdogo wa umbo ngazi hii ya katikati imekuwa msaada kuliko mzigo, kwa sababu tutakazozieleza.

Historia hii ina kipande ambacho hatutaki kukiacha. Mitihani ya udereva ilifanywa ya lazima Uingereza tarehe 1 Juni 1935. Siku hiyo Theresa Wallach na Florence Blenkiron walikuwa safarini kutoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na tela, wakiwa wameondoka Desemba 1934 na kulivuka jangwa la Sahara. Wanawake walikuwa tayari wanalivuka bara letu kwa pikipiki siku Uingereza ilipoanza kumlazimisha mtu kupimwa.

Mlango wa kwanza ni CBT, mafunzo ya msingi ya lazima yaliyoanza Desemba 1990. Si mtihani; hakuna anayefeli, ila mkufunzi asiporidhika haandiki cheti na mwanafunzi hurudi siku nyingine. Yana sehemu tano. Ya kwanza ni maelezo na kupima macho kwa kusoma namba ya gari kutoka mita 20. Ya pili ni kuijua pikipiki ikiwa imesimama, ya tatu ni kuendesha uwanjani, ya nne ni mazungumzo kuhusu barabara, na ya tano ni kuendesha barabarani kwa muda usiopungua saa mbili. Uwanjani mkufunzi haruhusiwi kuwa na zaidi ya wanafunzi wanne, barabarani wawili. Cheti hudumu miaka miwili na kinaruhusu pikipiki ya cc 125 yenye kibao cha L, bila abiria na bila motorway.

Kwa mwanamke, CBT ndipo panapotokea kosa la kwanza la shule nyingi: kumpa skuta isiyo na gia kwa madai kwamba ni rahisi. Kwa anayetaka kupeleka vyakula mjini skuta inatosha. Kwa anayetaka leseni kamili ni kumrudisha nyuma, maana anayefanya mtihani kwa pikipiki isiyo na klachi hupewa leseni ya zisizo na klachi pekee, na klachi ndiyo inayochukua muda mrefu kuizoea. Aombe ya gia tangu siku ya kwanza. Pikipiki za CBT kama Honda CB125F zina uzito wa kilo 117 hivi na kiti cha milimita 790 kutoka chini, yaani uzito wake uko karibu na wa Boxer au TVS za bodaboda. Aliyezoea hizo atajiona nyumbani. Aangalie tu upande wa barabara. Uingereza ni kushoto kama kwetu, kwa hiyo hata hilo halimsumbui.

Nadharia tuipitie haraka. Maswali 50, kufaulu ni 43. Kisha klipu 14 za video zenye hatari 15, jumla ya alama 75, kufaulu ni 44. Tangu Aprili 2014 hakuna mkalimani wala sauti ya lugha za kigeni, ni Kiingereza au Kiwelisi. Kwenye video unabonyeza unapoona hatari inaanza kutokea, na kosa la kuepuka ni kubonyeza mfululizo kwa hofu ya kupitwa. Programu hutambua mbofyo wa namna hiyo na kufuta alama zote za klipu. Ukifaulu, matokeo yanadumu miaka miwili, na ndani ya muda huo lazima uwe umemaliza moduli zote mbili.

Sasa tufike penye uzito wa jambo. Kwa mtihani wa A, sheria inataka pikipiki yenye injini isiyopungua cc 595, nguvu isiyopungua kilowati 50 na uzito mtupu usiopungua kilo 175. Hadi mwisho wa 2018 kilowati 40 zilikubaliwa. Tangu 2019 ni 50. Kipengele hicho cha nguvu, ambacho kwenye karatasi hakihusiani na kimo cha mtu, ndicho kinachowafungia nje wanawake wengi wafupi. Chukua Kawasaki Vulcan S. Injini ni cc 649, kiti kiko milimita 705 tu kutoka chini, mguu unakanyaga wote. Lakini nguvu yake ni kilowati 45, kwa hiyo haikubaliki. Honda Rebel 1100 ina kiti cha milimita 700 hivi na inakubalika, ila ina zaidi ya kilo 220 na ni nadra kuikuta shuleni. Zinazobaki ni pikipiki wazi (zisizo na ganda la plastiki la kukinga upepo) za daraja la 650, na zote zina viti vya juu zaidi.

Kati ya hizo zinazotumiwa sana na shule, tunazipanga hivi kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 155 hadi 165. Kawasaki Z650 ndiyo ya kwanza. Kiti kiko milimita 790, uzito ni kilo 188 hivi ikiwa na mafuta, klachi yake ni nyepesi kwa sababu ina mfumo unaosaidia kuivuta, na Kawasaki yenyewe huuza kiti cha chini zaidi kwa ajili yake. Suzuki SV650 ina kiti cha milimita 785 na kiuno chembamba sana kwa sababu ya injini ya silinda mbili za V, hivyo miguu inashuka wima. Pia ina mfumo unaoongeza mzunguko wa injini kidogo unapoachia klachi, ambao humwokoa anayezimisha ovyo. Ubaya wake ni kilo 198. Yamaha MT-07 ni nyepesi zaidi, kilo 184, lakini kiti ni milimita 805. Honda CB650R, milimita 810 na kilo 200 na ushei, ni pikipiki nzuri ya kumiliki baadaye. Kwa kujifunzia tunaiweka mwisho.

Namba ya kiti peke yake hudanganya. Upana wa kiti pale mapaja yanapogawanyika ndio unaoamua mguu ufike au usifike. Kiti chembamba cha milimita 805 kinaweza kuwa rahisi kuliko kipana cha 785. Shokapu nazo hushuka mtu akikaa. Soli nene ya buti huongeza sentimita mbili hadi tatu, na hizo zinahesabika kisheria kama nyingine zote. Kisha kuna mbinu ambayo wakufunzi wazuri huifundisha siku ya kwanza: usitafute kukanyaga kwa miguu yote miwili. Sogeza kiuno upande wa kushoto wa kiti, kanyaga chini kwa unyayo mzima wa kushoto, mguu wa kulia ubaki juu ya breki ya nyuma. Pikipiki inatulia, na mlimani hulazimiki kuihangaikia breki ya mbele.

Shule nyingine huishusha pikipiki yenyewe kwa kubadilisha viungio vya shokapu ya nyuma. Inafaa, kwa sharti kwamba na stendi ya pembeni imefupishwa. Stendi ikibaki ndefu pikipiki husimama karibu wima badala ya kuegemea, na upepo au mteremko mdogo unatosha kuiangusha upande wa pili. Ukiona pikipiki ya shule imesimama wima mno, uliza kabla hujaisogelea.

Leva nazo zina neno. Ya breki ya mbele kwa kawaida ina kirekebishi cha kuisogeza karibu na vidole. Ya klachi kwenye pikipiki nyingi za bei ya kawaida haina. Mwenye mkono mdogo akiivuta kwa ncha za vidole huchoka ndani ya saa moja, na mkono uliochoka huachia klachi kwa mshtuko, injini ikazima katikati ya kona. Dawa ni ya fundi, ya dakika kumi: kamba ya klachi itiwe mafuta na irekebishwe iwe na mlegezo wa milimita mbili hadi tatu. Shule inayokataa kufanya hivyo kwa mwanafunzi wake haijui kazi.

Ndiyo maana tunasema A2 isidharauliwe, hata na mwenye miaka 24 na zaidi. Honda CB500F ina kilowati 35 kamili, kiti cha milimita 785 na uzito wa kilo 189. Rebel 500 ina kiti cha milimita 690, na kwa mwanamke wa sentimita 150 hiyo ni tofauti kati ya kuogopa kila taa nyekundu na kutoiogopa. Leseni ya A2 inafungua motorway na abiria, na pikipiki nyingi ambazo mwanamke mfupi angezichagua hata akiwa na A, kama Royal Enfield Meteor 350 yenye kiti cha milimita 765, ziko ndani yake. Ubaya upo mmoja: akija kutaka A baadaye, moduli zote mbili upya. Anayejua kwamba anataka pikipiki kubwa na anaweza kuimudu Z650, aende A moja kwa moja. Asiyejua, A2 haimpotezei kitu kikubwa. Shule nyingi humsukumia kila mtu wa miaka 24 kwenye A bila hata kuuliza, na hapo tunazikosoa waziwazi.

Moduli ya 1 huchukua dakika 20 hivi. Makosa madogo matano yanaruhusiwa. Kosa moja kubwa linamaliza mtihani. Ada ni pauni 15.50. Mtiririko haubadiliki: kuisukuma pikipiki na kuweka stendi, zigizaga na namba nane kwenye koni, kwenda polepole, kugeuza, kona na kusimama palipopangwa, kona na breki ya dharura, kona na kukwepa kizuizi.

Kuisukuma ndiko kunakowatisha wanawake wengi, na ndilo zoezi rahisi zaidi likishajulikana. Unaitoa pikipiki kwenye sehemu moja ya kuegesha na kuiingiza nyingine kwa kurudi kinyumenyume, injini ikiwa imezimwa. Simama kushoto, karibu kabisa, paja lako liguse kiti. Pikipiki iegemee kwako kidogo. Isiwe wima, na kamwe isiegemee upande wa pili. Mkono wa kulia ushike mpini wa nyuma ya kiti au ukingo wa kiti, wa kushoto ushike usukani. Sukuma kwa nyonga na mguu, mikono iwe ya kuongoza tu. Kilo 190 juu ya tairi zenye upepo wa kutosha hutembea kwa msukumo mdogo kwenye lami tambarare. Inapogoma, mara nyingi upepo umepungua au gia haiko katika N. Wanaoangusha huangusha kwa sababu mbili: wamesimama mbali wakanyoosha mikono, au wameminya breki ya mbele ghafla usukani ukiwa umekatwa.

Zigizaga, namba nane na kugeuza ni ujuzi mmoja. Klachi ibaki pale inapoanza kushika, mafuta yasipande wala kushuka, na mwendo udhibitiwe kwa breki ya nyuma iliyokanyagwa kidogo. Breki ya mbele haiguswi. Usukani ukiwa umekatwa, breki ya mbele hukandamiza shokapu za mbele na kuivuta pikipiki chini upande wa kona, na katika mwendo huo mdogo hakuna kasi ya kuinua. Kugeuza hufanyika kati ya mistari miwili iliyoachana mita 7.5. Z650 inageuka ndani ya nafasi hiyo bila shida ikiwa kichwa kimegeuka. Anayetazama mstari wa mbele ataufikia mstari huo. Anayegeuza shingo na kuangalia anakotaka kutokea, mabega humfuata na usukani hufuata mabega. Kabla ya kugeuza lazima utazame nyuma kupitia bega. Kulisahau hilo ni kosa jepesi sana kulifanya, na si la ujuzi ni la wasiwasi. Na hapa kimo hakina kazi yoyote: mguu ukigusa chini ni kosa kwa mrefu na mfupi sawasawa.

Breki ya dharura na kukwepa ndizo zenye sharti la kilomita 50. Mwendo hupimwa kwa kifaa kilichowekwa chini, na kifaa hicho hakijali dashibodi yako inasema nini. Sheria inakataza kipimo cha spidi kuonyesha chini ya mwendo wa kweli, kwa hiyo watengenezaji hukifanya kionyeshe juu kidogo. Matokeo yake, dashibodi inaposoma maili 32 unaweza kuwa chini ya kilomita 50. Lenga 35. Kwa injini ya 650 gia ya pili inatosha: toka kwenye kona, nyoosha pikipiki, vuta mafuta mara moja kwa uthabiti na uyashikilie mpaka umepita kifaa. Wanaopungukiwa hulegeza mkono mita chache kabla ya kifaa, kwa sababu macho yameshahamia kwenye koni za mbele. Aliyepungukiwa mwendo lakini akafanya zoezi salama kwa kawaida hupewa nafasi ya kurudia mara moja.

Mtahini akiinua mkono, breki ya mbele ianze, ya nyuma ifuate mara moja, klachi ivutwe mwisho, pikipiki inapokaribia kusimama. Minya breki ya mbele kwa kuongeza, usiikamate kwa mkupuo: uzito unahitaji nusu sekunde kuhamia tairi ya mbele, na tairi isiyo na uzito huteleza. Ukivuta klachi mapema unapoteza msaada wa injini na tairi ya nyuma hufunga upesi. Pikipiki nyingi za shule sasa zina ABS, mfumo unaozuia tairi kufunga, unaosamehe kosa hilo hata kwenye lami iliyolowa. Mvua haiahirishi mtihani wala haipunguzi ile kilomita 50, hivyo mwanafunzi ambaye amefanya mazoezi siku za jua tu ana pengo analopaswa kuliziba.

Kukwepa kunahitaji kitu kimoja ambacho mwili hukikataa mwanzoni: kwenda kulia, sukuma mbele upande wa kulia wa usukani. Msukumo ni mdogo. Viwiko viwe vimekunjika, mikono imelegea. Usiguse breki mpaka pikipiki imenyooka tena, ndipo usimame katikati ya koni nne. Wanawake wanaofika wakiamini kwamba hapa panataka misuli hushangaa, kwa sababu anayekaza mikono ndiye anayeshindwa, na wanaume wenye mabega mapana hukaza zaidi.

Ukifeli, unasubiri angalau siku 3 za kazi kabla ya kurudia.

Mavazi yanaweza kukufutia mtihani kabla haujaanza. Mtahini anataka helmeti iliyoidhinishwa, koti la pikipiki, glovu, suruali ya pikipiki au jinzi nzito, na viatu imara vinavyofunika kifundo. Raba za kawaida hurudishwa nyumbani. Mavazi ya kuazima ya shule mara nyingi ni ya kiume. Koti pana mabegani huzunguka, na kinga ya kiwiko ikawa kwenye msuli badala ya kwenye kiwiko; glovu ndefu kuliko vidole hukunjamana chini ya leva na kumfanya mtu aonekane hana udhibiti wa klachi. Kama kuna kitu kimoja cha kununua chako mapema, ni glovu.

Kwa anayevaa hijabu: sheria inamsamehe helmeti mfuasi wa Sikh mwenye kilemba pekee, wengine wote ni lazima. Vaa kofia nyembamba ya ndani ya hijabu au mtandio wa pamba uliobanwa vizuri, bila pini na bila fundo la nywele kisogoni. Fundo husukuma helmeti mbele, nayo ikishuka kwenye paji la uso inaziba sehemu ya juu ya macho na haikai palipokusudiwa ajali ikitokea. Nywele zifungwe chini, shingoni. Ijaribu helmeti dukani ukiwa na kitambaa kile kile utakachoendeshea, na ncha zake ziingie ndani ya koti, zisipepee karibu na mnyororo. Tafuta lebo ya ECE 22.06, kiwango cha usalama wa helmeti.

Moduli ya 2 ni dakika 40 barabarani, mtahini akifuata nyuma na kuzungumza nawe kwa redio. Huanza na macho na maswali ya usalama wa pikipiki, na ndani yake kuna dakika kama 10 za kujiongoza kwa kufuata vibao. Makosa madogo kumi yanaruhusiwa. Ada ni pauni 75 siku za kazi, 88.50 jioni na wikendi. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa hana upungufu wa ujasiri hapa. Upungufu wake ni wa kuonekana akitazama. Vioo havitoshi. Kabla ya kubadili njia au kukata kona, kichwa kigeuke begani, na kigeuke kwa kiasi ambacho mtahini atakiona kutoka nyuma. Indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi, kwa hiyo kila baada ya kona kidole kiende kuibonyeza hata kama unahisi umeshaizima. Kwenda polepole mno nako ni kosa: kwenye barabara ya maili 60 iliyo wazi, anayeshikilia 40 huandikiwa kusita. Usiposikia agizo la redio, inua mkono au endelea mbele kwa usalama. Kukosea njia si kosa, kukata kona ghafla ili usiikosee ni kosa kubwa. Ukifeli Moduli ya 2, kurudia ni baada ya siku 10 za kazi.

Ada za serikali, ukifaulu kila kitu mara moja, ni pauni 147.50: leseni ya mwanafunzi 34 kwa mtandao, nadharia 23, na hizo moduli mbili. Pesa nyingi huenda shuleni. CBT mara nyingi ni kati ya pauni 130 na 200, na kozi ya siku tatu hadi tano ya A2 au A huzidi 800. Ndiyo maana simu ya kwanza ina thamani. Uliza wana pikipiki gani za A na za A2, kwa majina. Uliza kama kuna iliyoshushwa au yenye kiti cha chini, na kama utaijaribu kukaa juu yake kabla ya kulipa. Uliza wanafunzi wangapi kwa mkufunzi barabarani. Jibu sahihi halizidi wawili. Uliza kama uwanja wao una mistari na koni kwa vipimo vya Moduli ya 1, maana kujifunzia kugeuza kwenye maegesho ya magari bila mistari hakumwandai mtu. Na uliza kama kozi imepanga moduli zote mbili siku moja au siku tofauti. Tunashauri siku tofauti, zikiachana wiki moja au zaidi: anayefeli Moduli ya 1 asubuhi hawezi kuifanya Moduli ya 2 mchana wake, na ada ya hiyo ya pili huwa imeshalipwa.